Baba Ameacha Chupa

Ndugu msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia vitunguu kabla hujalisoma, sikulaumu. Hata mimi ningekuwa na vitunguu ningefanya hivyo. Nitakueleza kwa ufupi ulichokikosa.

Mimi ni yule mwanafunzi wa bweni ambaye wenzake humwita Mheshimiwa, kwa kuwa husema mambo ya kipuuzi kwa uso wa hakimu. Nilirekodi kengele ya chakula, nikaipiga kwenye spika za ukumbi wakati mkuu wa shule akiwahutubia wageni kuhusu nidhamu. Shule nzima ikainuka na kutoka, kwa nidhamu kubwa sana. Wageni wakafuata. Mkuu wa shule akabaki na maikrofoni yake.

Nikarudishwa nyumbani mpaka nitakapoonyesha mabadiliko.

Aliyenitetea ni mwalimu wa Jiografia, tunayemwita Kontua kwa jinsi mikunjo ya paji lake la uso ilivyojipanga kama mistari ya milima kwenye ramani. Yeye ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Alisema mdomo wangu ni mali ya umma inayotumika vibaya, na akaupangia kazi: niingie kwenye mitandao ya kijamii, niwashawishi watu wapunguze chupa za plastiki. Wakinisikiliza wengi, nitarudi shule. Wasiponisikiliza, nikatafute ufundi.

Uliniacha mlangoni kwa baba, sanduku la bati mkononi, nabisha hodi na hakuna anayeitikia.

Hakuitikia kwa sababu alikuwa kazini. Nawaomba radhi waliokosa usingizi.

Baba yangu ni dereva wa basi la shule ya msingi. Huondoka kabla jogoo hajasafisha koo, hurudi mchana kidogo kula, hutoka tena, na jioni huja amechoka hata kuvua viatu ni safari. Mama yuko nchi ya mbali akitunza wazee wa watu wengine. Hupiga simu saa ambazo kwake ni mchana na kwetu ni ndoto.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu. Sebule, jiko, vyumba viwili, na bomba linalodondosha tone moja moja kama mtu anayefikiri.

Bwenini nilikuwa nalalamika kwamba sipati hata nafasi ya kukohoa peke yangu. Kuna anayekoroma, kuna anayeota mtihani, kuna anayekula biskuti chini ya blanketi akidhani panya ndio watakaosingiziwa. Sasa nilikuwa nakohoa nitakavyo, na hakuna aliyenirushia kiatu. Usicheke. Ni kitu cha kuumiza kukohoa na usirushiwe kiatu.

Nikafungua ukurasa. Nikaupa jina zito, la kampeni. Nikapiga picha mfereji wa mtaa wetu uliozibwa na chupa za plastiki, nikaandika maneno ambayo hata waziri angeyasoma amesimama.

Aliyeupenda ujumbe ule alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi.

Siku iliyofuata nikaweka picha yangu nimekaa juu ya lundo la chupa, nimeshika tama kama mfalme aliyepinduliwa. Shangazi akaandika chini yake: "Umekonda. Unakula?" Baadaye akatokea mfanyabiashara, akaniuliza kama nahitaji chupa hizo kwa jumla, ana bei nzuri.

Hapo ndipo nilipogundua ubaya wa hali yangu. Watu wote duniani wanaochekea vichekesho vyangu wako ndani ya ukuta mmoja, na ndani ya ukuta huo simu ni marufuku. Hata ningepaa angani, hakuna rafiki yangu ambaye angeona. Nilikuwa mchekeshaji aliyekodi ukumbi, akafunga mlango, kisha akakumbuka kwamba wasikilizaji wamefungiwa ukumbi wa pili.

Jioni baba akanikuta nimeikodolea simu. Akauliza kazi ya mwalimu inaendaje. Nikamwambia inaendelea vizuri, taifa linatafakari.

Akacheka kwa pua. Kisha, akiwa bado anahangaika na kamba za viatu, akanisimulia kisa ambacho hakuwahi kunisimulia. Sisi hatusimuliani. Huwa tunaulizana kama kuna chumvi.

Alisema zamani alikuwa ananunua maji ya chupa kila siku njiani, na chupa tupu anazitupa chini ya kiti chake. Siku moja, akiwa na watoto basi zima, anashuka mteremko wa kwenda darajani, chupa moja ikabingirika mbele ikajikita chini ya pedeli ya breki. Akakanyaga. Pedeli haikushuka. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, basi likajikokota mpaka kwenye kifusi cha mchanga wa wajenzi, likasimama. Watoto wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Yeye akabaki ameshika usukani.

Tangu siku hiyo hakuna chupa inayopanda basi lake. Yeye mwenyewe hubeba maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, analifunga kwa mkanda nyuma ya kiti.

Ndugu msomaji, nilihisi nywele zimesimama. Nilikuwa nimeitafuta dhahabu mferejini, kumbe iko sebuleni inavua soksi.

Nikamwomba arudie mbele ya simu. Akaona haya, akasema yeye si mtu wa mambo hayo. Nikamwambia ni kwa ajili ya shule. Akaenda kuvaa shati la kazi, akachana nywele, akakaa wima kama anapigwa picha ya pasi ya kusafiria, akasema:

"Mimi naendesha basi la shule. Siku moja chupa ya maji ilibingirika ikaingia chini ya breki. Nikakanyaga, haishuki. Nusura niue watoto wa watu. Tangu siku ile nimeacha chupa."

Akamaliza, akaniuliza kama imetoka vizuri. Nikasema imetoka vizuri sana. Akaenda kulala amefurahi kidogo, na mimi nikakaa na simu kuisafisha ile video.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo mwenye akili angeiruka.

Ningeweza kukuambia kwamba video ilikuwa ndefu. Ningeweza kukuambia kwamba simu yangu ina tumbo dogo na ilikuwa imeshiba. Yote ni kweli. Lakini nilipokuwa naikata hapa na pale, nilikata kipande cha katikati, nikaicheza kuona imekaaje, na baba akasema:

"Mimi naendesha basi la shule. Siku moja chupa... nusura niue watoto wa watu. Tangu siku ile nimeacha chupa."

Nikacheka. Nikacheka peke yangu, nimeziba mdomo kwa mto. Baba yangu, ambaye hata dawa ya kikohozi hainywi mpaka amesoma karatasi yake yote, akionekana kama mlevi aliyetubu. Nikawaza: nitaiweka hii kwanza, watu wacheke, waje wengi, kesho nitaweka ile kamili na kuwaambia chupa ilikuwa ya maji. Watatega masikio, nami nitapanda mbegu ya mazingira. Niliona ni mbinu ya kisasa.

Nikaandika juu yake: "Baba yangu ameacha chupa. Wewe je?"

Kisha nikafuta ile kamili, pamoja na picha za mfereji, ili kupata nafasi. Nilijua baba yupo, atairudia.

Asubuhi simu yangu ilikuwa ya moto kama pasi.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo jambo la kwanza lililonitisha. Watu elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Walikuwa wanalia. Wanampongeza mzee wetu kwa ujasiri. Mwanamke mmoja alisema amemwonyesha mumewe na mumewe ametoka nje akakaa kwenye ngazi. Mwanamume mmoja alijipiga picha anamimina bia kwenye sinki, akaandika: "Nimeacha chupa. Siku ya kwanza." Chini yake wakaja wengine, kila mmoja na sinki lake. Mpaka mchana, maneno yangu mawili, nimeacha chupa, yalikuwa yamesambaa kila mahali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiria plastiki.

Kwa kweli mmoja alifikiria. Aliuliza kwa adabu: "Na chupa za plastiki je?" Akajibiwa mara moja: "Iwe ya plastiki, iwe ya kioo, pombe ni pombe."

Nikaona niokoe jahazi. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba jamani, kuna kutoelewana, chupa aliyoiacha baba yangu ilikuwa ya maji.

Ndugu msomaji, wewe unaijua lugha yetu tukufu. Mtu akiambiwa anapiga maji, hapigi maji.

"Sote tulikuwa tunapiga maji, kijana," akanijibu yule wa sinki. "Usimwonee haya baba yako."

Wakampenda yeye kuliko mimi. Nikaandika tena: maji ya kunywa. Akaja mwingine akasema hata yeye hakuwa anaogea. Nikaandika: maji, maji yenyewe, yale ya kisimani. Wakaniambia niache kumkana mzazi hadharani, kumkana mzazi ni laana. Shangazi naye akaingia. Aliandika: "Kumbe ndiyo maana unakonda."

Nikaizima simu. Nikakaa jikoni nikilisikiliza lile bomba.

Alasiri simu ilipowaka tena, aliyepiga alikuwa Kontua. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia hata siku tuliyopanda miti. Alisema mkuu wa shule ameonyeshwa idadi ya watu walioingia kwenye ukurasa wangu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ni wengi kuliko waliowahi kuufungua ukurasa wa shule tangu uanzishwe. Nirudi wiki ijayo na sanduku langu.

Nikamuuliza kama wameisikiliza ile video.

"Mkutano ulikuwa mrefu," akasema Kontua. "Tuliangalia namba."

Baba alikuwa ameingia, akanisikia nikisema nitarudi. Alichukua sare zangu za shule zilizokuwa zimekunjamana sandukuni, akaziloweka kwenye beseni, akazifua mwenyewe, akizisugua kola kwa vidole. Alikuwa anapiga mluzi. Sikujua kwamba baba yangu anajua kupiga mluzi.

Nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua mdomo. Lakini mtu anayefua kola yako kwa mluzi utamwambiaje kwamba dunia nzima inamwona mlevi? Nikamuuliza kama kuna chumvi.

Baba hana simu ya kuonea video. Ana simu ya vibonye, ambayo kazi yake ni kupokea maagizo kutoka shuleni na kuwasha tochi. Kwa hiyo yeye ndiye mtu pekee mjini ambaye hakujua kwamba ameacha chupa.

Kesho yake akarudi mapema, kwa miguu. Amebeba ule mto mdogo anaouweka nyuma ya mgongo anapoendesha. Dereva akirudi na mto wake, ndugu msomaji, huhitaji kuuliza basi liko wapi.

Aliuweka mto kwenye kiti cha jikoni, akakaa. Alisema wamemwambia aache funguo asubiri kuitwa, kwa sababu wazazi wamelalamika. Alipouliza wanalalamikia nini, karani akamwambia aliache lile jambo la chupa lizungumzwe na wakubwa. Baba akasema aliacha siku nyingi. Karani akasema ndiyo, hilo ndilo tatizo, kumbe zamani alikuwa hajaacha.

"Wewe unaelewa?" akaniuliza. "Kuna kosa gani mtu kuacha chupa?"

Nikamwambia labda ni mambo ya ofisi.

Siku zilizofuata sitazisahau. Baba aliendelea kuamka saa yake ile ile. Nilimsikia anaoga, anapiga pasi, anafuta viatu. Kisha anakaa jikoni na shati la kazi, mto mgongoni, miguu sambamba sakafuni kana kwamba kuna pedeli. Watoto wa jirani wakipita kwenda shule, anageuza shingo. Basi lao sasa liliendeshwa na kijana wa kuazimwa, na baba alilitambua kwa mlio. Akisikia gia inakwaruza, anafumba macho.

Tulikuwa wawili ndani ya nyumba na kila mmoja alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa na watu maelfu mfukoni wanaonipongeza kwa ujasiri wa baba yangu, na yeye yuko hatua tano kutoka nilipo, hajui ana ujasiri gani. Majirani walianza kumsalimia kwa sauti ya hospitali. Mmoja alimletea matunda. Baba akanikabidhi yale matunda akauliza nani mgonjwa.

Kisha tukaitwa. Sote wawili, kwa sababu ukurasa ni wangu.

Mkuu wa shule ile ya msingi ya baba ni mama mmoja mnyamavu, kila mtu humwita Madamu, hata mumewe. Ofisini kwake kuna viti viwili vya wageni, vifupi kuliko cha kwake, ili ukikaa ujue umekaa. Alimsalimia baba kwa heshima, akamuuliza hali. Kisha akaweka simu yake mezani, akaisimamisha kwa kuegemeza kwenye kopo la kalamu, akabonyeza.

Baba akajiona.

Aliinama mbele. Kwanza alitabasamu, kwa sababu shati lilikuwa limenyooka. Kisha akasikia maneno, na tabasamu likakaa pale pale usoni bila kazi. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mimi nilikuwa nasoma ratiba ya vipindi ukutani kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha darasani.

"Hii ni sauti yako?" Madamu akauliza.

"Ni yangu."

"Na maneno ni yako?"

Baba aliinua macho kutoka kwenye simu. Aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira. Alinitazama kama anavyotazama kwenye kile kioo cha ndani ya basi, kuhesabu watoto kabla hajaondoka.

Madamu akasema anauliza kwa sababu moja. Kama kuna mtu aliyeichezea ile video, amwambie sasa. Shule imechafuliwa jina, wazazi wanataka mtu wa kuwajibika, na kama ni utundu wa mwanafunzi, ataandikia shule yake ya bweni leo leo, na huko nako wajue cha kumfanya.

Baba akaacha kunitazama, akamgeukia Madamu.

"Ni maneno yangu, Madamu," akasema. "Mtoto alinisaidia kupiga tu."

Nimekuwa mtundu maisha yangu yote, ndugu msomaji, na katika utundu kuna sheria moja tunayoiheshimu: asiyekuwemo haadhibiwi. Nikasimama.

Nikamwambia Madamu kwamba mimi ndiye niliyekata. Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, ilibingirika ikaingia chini ya breki, baba yangu hajawahi kuonja pombe hata kwa harufu. Nilisema yote bila mzaha hata mmoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema maneno mengi hivyo bila mzaha, na nadhani ndiyo maana yalitoka kama ya kukariri.

Madamu alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yakalainika. Nikajua nimefaulu.

"Kaa chini, mwanangu," akasema. "Nimefundisha muda mrefu. Mtoto wa mlevi ndiye wa kwanza kusema kikombe kilianguka chenyewe."

"Madamu, ni kweli."

"Ile video kamili iko wapi?"

Nikamwambia niliifuta.

"Uliifuta," akasema, polepole, kama mtu anayefunika sufuria. "Na mtu akinyamaza akakubali kosa lake kiume, nawe ukasimama kumkania, unadhani unamsaidia? Mimi nilipopiga simu shuleni kwenu waliniambia kwamba hata kengele zenu, ukiwepo wewe, hulia zenyewe."

Ukizoea kusema uongo kwa uso wa hakimu, siku ukisema kweli unabaki na uso ule ule.

Ndipo Madamu akatoa hukumu, na sijui hata leo niiite hukumu au msamaha.

Alisema wazazi wamegawanyika. Wako wasiotaka kumwona baba hata akivuka barabara. Lakini wako wengi zaidi walioiona ile video wakalia, na wengine wana watu wao nyumbani. Hao wanasema mtu aliyejirekebisha na kusema mwenyewe anastahili nafasi. Kwa hiyo Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Baba asimame mbele yao, aeleze alivyokuwa anakunywa na alivyoacha. Wakiridhika, atarudishiwa funguo.

"Na nikiwaambia sijawahi kunywa?" baba akauliza, kwa sauti ndogo.

Madamu akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Anayekana bado hajaacha," akasema. "Nitakuwa sina la kukutetea."

Tukatoka. Uani lile basi lilikuwa limeegeshwa upande, gurudumu moja juu ya tuta la maua. Baba alilipita. Akarudi. Akaliinamia ua lililokandamizwa, akajaribu kulinyoosha, likalala tena. Tukaenda.

Nilijaribu kutembea nyuma yake, akapunguza mwendo. Nilijaribu kutembea mbele, akaongeza. Alitaka tulingane, nami nilikuwa sina uso wa kulingana naye.

Nyumbani akafungua mlango, akaingia jikoni, akakaa. Nikabaki nimesimama karibu na beseni.

"Ulikata wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Nilimwekea video, nikaisimamisha pale palipo na mruko mdogo, shingo yake inaposogea ghafla bila sababu. Aliitazama ile shingo kwa muda.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu njiani. La mazingira, la kisasa, la simu iliyoshiba. Yote yalikuwa mazuri.

"Ilichekesha," nikasema.

Akafikiri.

"Ilichekesha kweli?"

"Nilipokuwa peke yangu, ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeulizwa njia na anaikumbuka. Nilisubiri kofi. Kwa heshima zote, nililihitaji. Kofi lingekuwa angalau mazungumzo.

Hakunipiga. Alivua saa, akaiweka mezani. Akasema Jumamosi si mbali. Akasema yeye akisimama pale na kusema kweli, Madamu ataandika ile barua na mimi sirudi shule, na yeye harudi kwenye basi, na ile kweli yenyewe hakuna atakayeinunua. Akisema uongo, wote wawili tutarudi, na atakuwa mlevi mstaafu maisha yake yote, mbele ya watoto aliowavusha kila siku akiwa na akili zake timamu. Alisema haya kwa utulivu, kama anapanga vituo.

Nikamwambia tusiende. Nitaufuta ukurasa, nitatafuta ufundi. Akasema ukurasa haufuti vichwa vya watu, na ufundi gani utanichukua mimi na mikono hii.

Kisha akavuta kiti cha pili, akanionyesha nikae. Nikakaa. Tulikuwa hatujawahi kukaa meza moja uso kwa uso tangu nirudi.

"Wewe ndiye mtaalamu wa maneno," akasema. "Mimi sijui walevi huongeaje. Nikikosea watajua. Nifundishe. Mtu aliyeacha pombe, akisimama mbele za watu, huanza kusema nini?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza, tayari kama mwanafunzi wa kiti cha mbele.

"Huanza na jina lake, Baba."

Akakohoa. Akasimama, akanyoosha shati, akaikabili friji. Akalitaja jina lake, na la babu, yote, kwa sauti safi ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Akanigeukia.

"Halafu?"